Vitambaa Vyekundu vya Karoti ya Pori

Kalemie, tarehe 21 mwezi wa tisa

Kwako Yaya Emilie, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia wewe na binti yako Glody, pamoja na mujukuu mupya aliyekupeleka mpaka Moba. Ananyonya vizuri? Na mugongo wako, safari ya ziwa haikuuchokoza? Huku miili ni mizima. Moyo wangu tu ndio unawaka, na sitakuficha.

Karoti yako ya pori, ile iliyozunguka mizinga mitatu kule mulimani nyuma ya nyumba, imefyekwa yote. Ulituambia kila mwaka kwamba wakati wa jua kali, maua mengine yakikauka, yale yake meupe ndio yanalisha nyuki, nyigu na vipepeo mpaka mvua irudi. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, Papa Floribert, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, alipiga filimbi akaleta watu na mapanga, eti pale ni pori la kuficha nyoka. Mimi nilikuwa kwenye chorale, kwaya ya kanisa. Siku nane baadaye mizinga miwili ilikuwa mitupu, na maua ya maboga yako yanaanguka bila kufunga hata boga moja.

Nilienda kumutukana mbele ya muke wake na majirani wote. Nikamwambia macho yake yanajua kuona uchafu tu. Aliniacha mpaka nikachoka, kisha akajibu polepole kwamba kila mwaka wewe Yaya unafunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti kuzunguka karoti, na watu wa salongo hawaigusi. Mwaka huu hawakuviona.

Yaya, niliviondoa mimi. Wamama wa chorale walikuwa wanacheka, eti vile vitambaa ni dawa ya mulozi, ya muchawi, na Ijumaa, siku moja kabla ya salongo, walikuwa wanakuja kusali kwetu. Nikaona haya, nikaving'oa, nikavitupa chooni. Floribert alipita njiani akanisalimia nikiwa navyo mukononi, akafikiri nimetoa ruhusa ya kufyeka. Na mbele ya watu hakunitaja. Nimejikasirikia kuliko nilivyomukasirikia yeye.

Kesho nitamuomba musamaha mbele ya majirani wale wale. Kikwembe, kile kitenge nilichovaa Ijumaa ile, kilishika mbegu za karoti, maana zina miiba midogo. Nimezitoa moja moja, nitazipanda mvua ikianza. Nyuki siwezi kuwapanda.

Umubusu mutoto kwa ajili yangu, na umusalimie Glody sana. Ukirudi, unitukane kwanza, halafu ndio tule.

Ni mimi mudogo wako,
Gracieuse