Kipira Ambacho Hatukukiminya

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sisi ni wazima, wasiwasi wetu ni wewe tu uliye mbali.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na Chiriku ana masikio. Mjukuu wako tulimpa jina hilo kwa kupayuka kwake, na sasa ana miaka saba, darasani hafungui mdomo. Halii, hasumbui, amejikunyata tu. Mwalimu wake ametupeleka kwa wataalamu wanaolinganisha ubongo wa mzazi na wa mtoto. Wanasema mtoto ambaye ubongo wake unaendana na wa mzazi wake, mara nyingi moyo wake hutulia. Jumamosi tunalazwa ndani ya mashine yao ya kupiga picha ubongo, mmoja baada ya mwingine. Unapewa kipira mkononi: ukizidiwa unakiminya, wanakutoa.

Mama, njoo ukae naye japo mwezi. Mimi kutwa niko chini ya hoteli, kwenye udobi, napiga pasi mashuka, chumba hakina hata dirisha, na ruhusa zimeniishia. Tangu azaliwe hujakanyaga kwangu.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni huu mguu tu unaniringia. Mnalala vizuri? Chiriku anakula?

Kuja nitakuja, ila si sasa. Mvua imeanza, kuku wawili wanaatamia, na paa la jikoni nalo limechagua wakati huu kuvuja. Barua hii anaipeleka posta jirani yangu, fundi viatu, kama kawaida.

Usijisumbue bure. Mtoto mtulivu ana kosa gani? Wewe mwenyewe ulikuwa hivyohivyo, nikakusifia kwa watu kwamba wangu hajui kulia. Na ukakua, si umekua?

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, sikujua nianzie wapi.

Picha zetu zinafanana sana. Daktari alisema kufanana kiasi kile hakuoni mara nyingi, na mimi nilifurahi nusura nimkumbatie. Akauliza kama tuliogopa mle ndani. Nikasema hapana. Chiriku naye akasema hapana, kwa sauti yangu ileile. Mhudumu wa mashine akatusifu, hakuna aliyeminya kipira.

Nje nikamshika mkono tuvuke barabara. Kiganja chake kilikuwa na alama nne za kucha. Nikafungua changu, nne vilevile. Mama, mle ndani nilidhani nakufa. Kipira kilikuwa mkono wa kulia, nikajifinya kiganja cha kushoto. Nilirudi kwa daktari. Akasema picha inaonyesha tu kwamba tunafanana, haisemi kama ni katika raha au katika hofu.

Kila asubuhi nikishuka ngazi za udobi pumzi inanikatika, mwaka wa sita huu. Sijamwambia mtu. Kunyamaza huku nimekutoa wapi? Nakuuliza kwa adabu zote. Na ni mguu gani huo, miaka kumi na moja haujapona wala sijasikia ukitaja dawa?

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilianza kwa kuandika kwamba mimi mzima, nikayakata maneno hayo kwa mstari. Unayaona hapo juu.

Si mzima. Mguu hauna kitu. Tangu siku nilipokusindikiza kituoni, ukapanda basi, nikarudi nyumbani sina pumzi, sijavuka tena geti. Nikishika komeo, moyo unanienda mbio na jasho linanitoka, narudi ndani. Ulipokuja kunitembelea nilijifanya nachechemea. Na hofu hii nilikuwa nayo zamani, ulipokuwa mdogo. Ulikuwa ukiniona natetemeka, ukauliza, nikakwambia nyamaza, hamna kitu. Ukanyamaza kweli. Nami nikaenda kujisifu kwa watu. Nisamehe, mwanangu.

Siwezi kuja, na mvua nisiisingizie tena. Lakini barua yako nimekuwa nikiisoma kila siku nimesimama getini. Wiki ya kwanza nilifika kwenye komeo tu. Wiki ya nne nilifika kwa fundi viatu, hatua arobaini, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Maskini, hakujua afanye nini, akanipa kiatu nishike.

Mwambie Chiriku bibi yake anaogopa geti. Mwambie na wewe unaogopa ngazi, umwambie akikutazama usoni. Kisha muulize yeye anaogopa nini, na usimjibie.

Leo fundi sikumpa barua. Nilimwomba atembee nyuma yangu kidogo, asiseme kitu. Namalizia hapa kwenye kaunta ya posta, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Nyuma yangu watu wanaguna. Nimemwambia karani kwamba naogopa, na yeye akasema, andika tu mama, nakungoja.

Mama yako, mwoga