Mkanda Uliofuliwa

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mguu unakuacha ulale siku hizi? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Jumba la sinema la hapa linataka kumkumbuka Baba mwisho wa mwezi wa sita: michoro, vinyago, mashairi, ngoma, na hasa zile filamu ambazo watu walitoka ukumbini wakiulizana hadithi iko wapi. Wanautaka mkanda wa mwisho, aliokuwa nao mezani mpaka anafariki. Tena wananitaka niseme maneno. Niseme nini, Shangazi? Macho yake yote aliyapa kazi. Sikumbuki hata siku moja aliyoniangalia mimi. Nitumie huo mkanda, huenda nikapata la kusema.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mguu ni uleule, unatabiri mvua kuliko redio. Vaa soksi mbili, usijitie ujana.

Mkanda umeondoka jana kwa posta. Umenichekesha na hayo mambo ya ukumbini. Mara mchoraji, mara mpiga ngoma, majirani si walimwita Bwana Mara! Basi niliukuta kwenye kopo la biskuti, umepakazwa rangi, wino, sijui gundi, mwanzo hadi mwisho. Nikasema, lo! Mkanda wa kaka yangu uende kwa watu hivi? Miaka thelathini nimefua mashuka ya hospitali, hakuna kilichotoka mikononi mwangu na doa. Nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikaupangusa kwa pamba, nikauanika chumbani kwa vibanio. Sasa unang'aa. Utanishukuru.

Shangazi yako

25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mkanda umefika. Ule uchafu ndio uliokuwa filamu. Baba hakutumia kamera miaka yake ya mwisho, alichora kwa mkono juu ya mkanda wenyewe, picha moja moja. Umefua kazi ya miaka minne.

Binti wa kaka yako

9 Mei

Mwanangu,

Hali yako siiulizi, najua nimeiharibu mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga uani kwa mkono wangu, huku naimba. Nisamehe. Nijibu hata kwa matusi, yatanifaa kuliko kimya.

Shangazi yako

28 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo mara kumi! Hasira zilinifunga mkono, niwie radhi. Jana niliuweka kwenye projekta nione kama kuna kilichobaki. Kumbe alichora juu ya mkanda uliokwisha kupigwa picha, na picha zipo! Ni mimi, nina miaka miwili hivi, nimevaa viatu vya mtu mzima. Nazunguka chumba, naanguka, nainuka, dakika tatu nzima, na kamera hainiachi. Aliniangalia, Shangazi! Nililia mpaka mwendesha projekta akajifanya ana kazi nje. Nitasimama mbele za watu niseme, tazameni, hivi ndivyo baba yangu alivyoniangalia.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Afya ninayo, usingizi sina. Ulivyofurahi, nilitaka ninyamaze. Lakini utasimama mbele za watu, na sitaki usimame na uongo.

Siku ile baba yako alikuwa kwenye mazoezi ya ngoma. Kamera niliishika mimi. Nilikufuata kila pembe kwa kuogopa utavunja jino, na viatu ni vyangu.

Pole, mwanangu. Ila usiikunje barua bado. Miaka minne nilimpelekea chai pale mezani. Kioo cha kukuzia jichoni, brashi ya nywele tatu mkononi. Anaitazama picha moja, anaitazama tena, ndipo anapaka, ndipo anasogea kwenye nyingine. Nikimwita hageuki. "Subiri, dada, hapa ameinua mguu." Nami nikajua mzee ameanza kuchanganyikiwa, anauchafua mkanda wake mwenyewe, nikaweka kikombe nikaenda zangu.

Muulize huyo mwendesha projekta dakika tatu ni picha ngapi. Mara zote hizo baba yako alikuangalia. Na alama ya kila alipokuangalia ilikuwa ni ile rangi.

Ukisimama, waambie hivyo. Waambie na aliyeifua ni nani.

Shangazi yako