Muziki Uliotangulia Majina

Jumapili, Tassia, Nairobi. Baridi ya Julai. Mawingu tangu asubuhi, na nguo nilizofua jana bado zinachuruzika kwenye kamba.

Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba: haya yabaki hapa, kwenye ukurasa huu usio na jina. Usimtumie mwenzako, usiyapige picha, usimsimulie hata yule rafiki unayemwamini. Kandarasi yangu inaisha mwezi huu, na mtu anayepaswa kuitia sahihi anasoma mitandao kuliko mimi.

Nimechoka. Si uchovu wa kuondoka kwa usingizi.

Mimi ni karani katika kituo cha redio. Usiniulize kipi. Napokea simu na jumbe za sauti za wasikilizaji, nazipanga, nazikata ziwe fupi, kisha namkabidhi mtangazaji. Sauti yangu mwenyewe haijawahi kwenda hewani, na sina hamu.

Mwezi huu tunaandaa kipindi maalumu. Wasikilizaji wameombwa wakumbuke kipande kimoja cha okestra ambacho kituo chetu kilikuwa kikikicheza kila jioni miaka ya nyuma. Ni muziki unaojulikana dunia nzima. Fidla zinaanza chini, polepole, kama mtu anayepanda ngazi za ploti ya kupanga na ndoo ya maji, halafu tarumbeta zinatokea juu na kumpokea. Mimi niliujulia shule ya upili, mwalimu akitufundisha kutofautisha ala. Kwangu ulikuwa muziki wa usingizi wa baada ya chakula cha mchana.

Ndiyo maana nilikosea.

Bosi wangu, Madam Kagendo, alitaka tangazo la kipindi liwekwe mahali penye wasikilizaji wengi. Nikachagua jioni, mara tu baada ya taarifa ya habari. Nikaona itapendeza muziki utangulie wenyewe, kitambo kirefu, bila mtu kusema neno. Nilijiona msanii kidogo.

Likaenda hewani Alhamisi. Nilikuwa nakaanga mayai. Tarumbeta hazijaingia, simu ikalia. Ni Mama, kutoka Njiru.

"Ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni tangazo tu."

"Tangazo la nani?"

Akanieleza huku akinigombeza. Muziki ule ndio uliokuwa ukitangulia matangazo ya vifo. Enzi hizo simu zilikuwa za kutafutwa, na mtu akifariki Busia au Nyeri, jamaa zake wa mjini walipashwa habari na redio. Kwanza taarifa, kisha fidla, kisha majina. Marehemu alikuwa mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, shemeji wa fulani anayefanya kazi reli, Nairobi. Habari ziwafikie popote walipo. Nyumba nzima ilikuwa inanyamaza.

"Sasa wewe unatuchezea hiyo kitu halafu husemi neno," Mama akasema. "Mimi nimezima jiko, nimesimama tu hapa. Mama Njoki wa hapo chini amekaa kwa ngazi ameshika kichwa. Mlisomea nini nyinyi?"

Mayai yaliungua.

Ijumaa niliingia kazini nimejiandaa kutukanwa. Wachache walinitukana kweli. Dereva mmoja wa lori aliuliza nimetumwa na nani. Lakini wengi hawakuwa na hasira. Walitaka kukumbuka. Walitaka kukumbuka kwa upendo, na hilo ndilo nililokuwa silielewi.

Mwanamume mmoja wa mtaa wa Umoja alisema nyanya yake alipofariki, redio ilisoma wajukuu wote. "Nikaskia jina yangu! Nikatoka mbio nje nikaambia wenzangu, nimetajwa, nimetajwa! Watu wote kwa nyumba wanalia, mimi nacheka. Hadi leo nikiskia hiyo muziki nafurahi kwanza, ndio aibu inakuja."

Dada mmoja alisema baba yao, mfanyakazi wa kanjo, yaani baraza la jiji, alikuwa mtu wa kelele siku nzima. Muziki ukianza tu, alikuwa anaondoka kwenye kiti chake na kumpa mama yao akae karibu na redio, kwa sababu masikio ya mama hayakuwa mazuri. Dada huyo hakuwahi kumwona baba akimfanyia mama wema mwingine.

Na kuna Mama Nekesa wa Mowlem. Mumewe alikuwa mtu wa reli, akienda safari hana njia ya kumjulisha kwamba amefika.

"Kwa hivyo jioni nasimama na mwiko mkononi. Muziki unapanda, na roho yangu inapanda nayo. Wanasoma, wanasoma, hakuna wangu. Basi nazima redio, naita watoto waje wale. Mimi niliupenda huo muziki, kijana wangu. Ulikuwa unaniambia leo bado niko na bwana."

Niliurudia ujumbe huo mpaka Otis, fundi wetu wa mitambo, akanivua vipokea sauti masikioni.

Madam alisikiliza yote akiwa amesimama, koti mkononi. "Nzuri sana," akasema. "Sasa toa vifo."

Nikauliza vifo vipi.

"Vyote. Mdhamini anauza magodoro. Hataki mtu alale akifikiria mochari. Bakiza redio, bakiza familia, bakiza ugali. Nataka kumbukumbu tamu. Jumatatu asubuhi niipate." Alipofika mlangoni aliongeza bila kugeuka: "Na mambo ya kandarasi yako pia tutaongea Jumatatu."

Otis alisubiri mlango ufungwe. "Buda, umeua mitaa yote ya Eastlands na promo moja. Sasa unaambiwa uwafufue."

Nilicheka.

Jana nilishinda kwenye kazi hiyo. Kukata sauti si kazi ngumu. Ukiondoa "hakuna wangu" na yale majina, Mama Nekesa anabaki mwanamke mwenye mwiko, anapenda muziki, anaita watoto waje wale. Inasikika vizuri. Inaweza kuuza magodoro. Lakini ni mwanamke ambaye hajawahi kuogopa chochote maishani, na mtu huyo simjui. Yule wa Umoja anabaki mtoto anayecheka bila sababu.

Basi nikafanya jambo la woga. Niliona heri waseme upya wao wenyewe, dhambi isiwe ya mkono wangu. Nikampigia Mama Nekesa. Nikamwomba arudie kumbukumbu yake, ila bila ile sehemu ya matangazo.

Akacheka hadi akakohoa.

"Sasa kijana, nikitoa hiyo, nilikuwa nimesimama hapo nikingoja nini? Hali ya hewa?"

"Ni wakubwa wameagiza, mama."

"Hao wakubwa hawana watu wao?"

Akaniuliza mimi ni wa nyumba gani, kama mama yangu yuko hai, kama nimekula. Nilijibu yote kama mtoto wa shule. Halafu nikamuuliza, sijui kwa nini, kama jina la mumewe liliwahi kusomwa.

"Hata. Yeye ameenda juzi tu, hospitalini. Watoto waliweka tangazo kwa simu, kwa ile grupu yao ya familia. Nikaona watu wanaandika pole, pole, pole, na vile vipicha vya mikono ya kuomba. Mwingine akaweka bei ya viazi hapo katikati. Hakuna mahali watu walinyamaza."

Nilisikia sufuria ikiondolewa motoni kule kwake.

"Wewe kata tu, kama watakufuta kazi," akasema. "Mimi najua ilikuwa aje. Lakini usiniambie niseme mimi."

Angenitukana, leo ningekuwa nimelala vizuri.

Nimekuwa nyumbani mchana kutwa. Kwenye kompyuta nina kazi mbili, iliyokatwa na isiyokatwa. Nimezisikiliza zote kwa zamu. Nimejaribu kujidanganya kwamba hakuna atakayetambua tofauti, na pengine ni kweli. Redio haisikilizwi tena kwa kusimama.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa kile kiti kilicho mbele ya meza ya Madam. Naogopa kurudi Njiru na begi, Mama akiniambia si kitu huku akinitengea mahali pa kulala. Nimesoma, nimefaulu, sijawahi kuchelewa kazini, na siku zote nimefanya nilichoambiwa. Ukinipa amri nzuri au mbaya, nitauliza tu unaitaka lini.

Kwa hiyo nimefuta ile iliyokatwa.

Usiuite ushujaa. Najijua. Nikiingia kwa Madam nikiwa na zote mbili, mkono wangu utatoa ile anayoitaka kabla hajamaliza kuuliza. Sasa sina ya kumpa ila hii moja, yenye mwiko na majina na yule mtoto anayecheka matangani. Asipoitaka, aikate mwenyewe. Anajua kukata.

Ukitaka kunipata baada ya kesho, usipige simu kituoni. Huenda ikapokewa na karani mwingine. Usiulize kwa askari wa getini. Usimwandikie Madam kunitetea, nakusihi, hasa hilo. Niandikie hapa hapa, chini ya maneno haya, na usitaje jina langu hata kama unalijua. Huna haja ya salamu. Anza na jina la mtu ambaye ulisimama karibu na redio ukiomba asitajwe. Nitajua hukutumwa na ofisi, na nitakujibu.