Gari Nililolichagua Nikiwa Eda

Kilwa Kivinje,
11 Oktoba 1998

Kwa dada yangu mpenzi Somoe,
Mtanda, Lindi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada yangu. Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani, goti limepungua kuuma, na shemeji dukani kwake mambo yanakwenda. Ukitaka habari zetu, sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama mkwe wangu Bi Adija anakula vizuri na ulimi wake haujachoka. Mimi naendelea na eda yangu, chumba nimekizoea mpaka mijusi imeanza kunisalimia. Mwisho wa mwezi huu natoka, inshallah, na kutoka kwangu ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Lakini nianze na habari ya gari, maana bila hiyo hutanielewa.

Mluzi unamjua. Ile Subaru nyekundu ya saluni ambayo marehemu mume wangu Yunusu aliinunua Dar es Salaam wakati wa ruksa, magari ya Japani yalipoanza kushuka bandarini kama marobota ya mitumba. Gari la mbio, lenye turbo inayopiga mluzi likikolea, tena fowili, matairi yote manne yanavuta. Watu walimcheka marehemu, wakasema gari la vijana wa Oysterbay amelileta Kivinje kubebea wagonjwa. Lakini mvua za elinino zilipokata barabara na malori yakalala Nangurukuru, ni Mluzi aliyekuwa akipanda Kipatimu na kushuka na wajawazito. Na masharti ya marehemu unayakumbuka: mke wa mtu hapandi gari lake mpaka na mimi niwemo. Alikuwa akisema mwanamke mwenye uchungu asizungukwe na wanaume watupu. Kwa hiyo popote Mluzi alipokwenda nami nilikwenda, na mkeka wangu na chupa ya chai.

Sasa Mluzi amezeeka. Turbo inatoa moshi wa buluu, gia ya tatu inachomoka yenyewe, na chini kumeliwa na chumvi ya huku kwetu. Mirathi ilipogawiwa, gari lilibaki kwangu na kwa mama mkwe, pamoja na akiba ambayo marehemu mwenyewe alikuwa ameiweka ya kununulia jingine. Tatizo likawa nani alichague, na upesi. Vuli ikishaanza, hakuna mwenye gari atakayekubali kupanda Umatumbini, huko Kipatimu, na kina mama watarudi kubebwa kwenye machela mpaka barabara kubwa. Na sisi wajane wawili chungu chetu kinachemka kwa njia hiyo hiyo.

Shemeji yangu Ridhiwani, mdogo wake marehemu, alifika kutoka Dar siku ya arobaini akiwa na mpango wake. Alitaka amchukue Mluzi siku hiyo hiyo akambadilishe huko kwa gari jingine. Lakini alimkuta Erasmo fundi ameshawahi. Erasmo unamkumbuka, Mmakonde wa Newala, Mkristo wa watu, mtani wa marehemu. Alikuwa amemfunga Mluzi kitambaa cha kaniki kuanzia kioo hadi kioo, akatangaza mbele ya wageni wote kwamba gari nalo limefiwa, limekaa eda, na mwanamume atakayelitoa nje kabla ya siku zake atamtambua. Watu walicheka mpaka wenye tasbihi wakapoteza hesabu. Ridhiwani alipotaka kukifungua kile kitambaa, Erasmo akamwambia akikomboe kwa mbuzi wawili, tena majike yenye mimba. Kwa watani huchukui kitu kwa nguvu. Ridhiwani akaondoka kwa basi.

Usinielewe vibaya, Ridhiwani si mtu mbaya. Kaka yake alikuwa ndiye baba yake. Yeye aliona aibu kwamba baada ya gari lililopita Kivinje nzima likipiga mluzi, familia ipande kigari cha hivi hivi. Akamwambia mama kwamba atatafuta saluni ya heshima, ifanye safari za Dar na Kilwa, na dereva kijana atampata mwenyewe. Mama akaniuliza chumbani nasemaje. Nikamwambia gari likishakwenda Dar litakuja kututembelea sikukuu kwa sikukuu. Na vilima vya Kipatimu havipandwi na heshima.

Nikamtuma mama kwa Maalim kuuliza kama mwanamke aliye eda anaweza kununua gari. Maalim akajibu kwamba eda inanizuia kutoka, kujipamba na kuposwa, haikunizuia mali yangu. Niuze, ninunue, niseme na watu nyuma ya pazia kwa haja, sauti ya kiasi. Basi nikaagiza kila gari liletwe hapa uani, nami nitakuwa ndani, pazia limeshuka. Erasmo alipopata habari akasema amewahi kusikia mwanamke akichaguliwa mume kwa pazia, gari ndiyo mara ya kwanza, na akauliza kama magari nayo yalete barua za posa.

Mimi sikuweza kuona, kwa hiyo nilitaka kupima kwa mgonjwa. Nikamwomba mama alale kiti cha nyuma kama mwenye uchungu, Erasmo aendeshe, avuke mtaro wa njiani, apande lile tuta la kifusi nyuma ya nyumba, arudi. Mama alinung'unika kwamba amezaa mara sita, hakutegemea kuzaa tena uzeeni, tena kwenye gari la watu. Lakini alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

La kwanza lilikuwa la Ridhiwani, saluni nyeupe, vioo vya giza, redio inayotikisa madirisha yangu. Mama alisema kiti chake ni laini kama godoro la harusi. Nikasubiri. Lilipofika kwenye mtaro nikasikia tumbo la gari likikwaruza kwenye jiwe, sauti ndefu, hata kuku walitawanyika. Nikauliza kupitia pazia kama magurudumu ya nyuma yanavuta. Ridhiwani akasema ya nini, barabara ya Dar itatengenezwa. Nikamwambia sisi wa njia ya Kipatimu tunauliza ya leo.

La pili lilikuwa Landrova ya shamba moja huko bara, mwenyewe alikuwa anaiuza. Gari la nguvu, halikuona mtaro wala tuta. Ila mlango wake uko juu, mama alishindwa kupanda mpaka wakaleta kinu wakakigeuza akakanyaga. Na mle nyuma viti vinatazamana, hakuna pa kulala, wakamtandikia chini. Dada, hiyo safari nilimsikia mama tangu alipoondoka mpaka aliporudi. Sasa sijui alikuwa anaigiza au ameumia kweli, lakini alilia kama wanavyolia wazazi, akimwita marehemu mama yake. Majirani, mama alinisimulia baadaye, wakatoka mbio na kanga mikononi, mmoja ameshika beseni la maji ya moto, wakiuliza ni nani anayejifungua. Walipomwona Bi Adija anashushwa kwenye Landrova na mvi zake, mwenye beseni akakaa chini hapo hapo. Erasmo akawaambia wasiondoke, pacha wa pili bado.

Tulikaa hapo muda bila gari la kufaa, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima, na mimi nikazidisha swala. Kisha Erasmo akaleta Toyota ndogo ya steshenwagoni, ya kijivu, aliyoiona kwa mwalimu mmoja pale Kilwa Masoko anayehamia Songea. Kwa sura, mama alisema, inafanana na kabati. Haina mbio, haina mluzi. Nikauliza maswali yangu: fowili yake inaingia kwa kitufe au kwa mti wa gia, na je, inaingia gari likiwa linatembea, au mpaka lisimame. Nikauliza ikiwa kwenye gia ya kwanza inashuka yenyewe polepole bila kukanyaga breki. Erasmo akajibu moja moja. Ridhiwani, ambaye alikuwa amekuja tena, nilimsikia anamuuliza mama kwa sauti ya chini shemeji mambo haya ameyajulia wapi. Mama akamwambia mtu akikaa na fundi wa nguo miaka ishirini hujua hata upande wa kushona.

Mama akalazwa nyuma, wakaondoka. Mtaro ukavukwa, sikusikia kitu. Tuta likapandwa, kimya. Wakarudi, injini ikazimwa, bado kimya. Nikaita mama, mama, hakuna jibu. Erasmo akafungua mlango wa nyuma, akasema kwa huzuni kubwa kwamba mgonjwa ametutoka. Bi Adija alikuwa amelala usingizi, dada. Anakoroma. Walipomwamsha aliuliza kama tumeshafika hospitali.

Ridhiwani hakucheka mara moja. Akalizunguka lile gari, nasikia kandambili zake, akapiga piga boneti, akasema kaka yake asingekubali kuonekana ndani ya kitu hiki hata akiwa amefunikwa. Mama akamjibu kwamba kaka yake alipanda Mluzi kwa sababu ya vilima, hizo mbio zilikuja zenyewe. Halafu nikamsikia Ridhiwani anacheka taratibu, akasema haya, kabati na liwe kabati, lakini dereva wa kulipandisha huko juu yuko wapi, maana yeye mwenyewe njia ile haiwezi. Nikasema kutoka ndani kwamba dereva yupo. Mama anasema wote wakamtazama Erasmo. Erasmo, aliyeijua kweli, akainamia tairi akaanza kuhesabu nati.

Dada Somoe, hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri. Dereva ni mimi.

Marehemu alipopata kisukari, mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi. Akikanyaga klachi hajui kama amekanyaga au la. Siku moja ya mvua tulikuwa chini ya kile kilima cha kutokea Kipatimu, nyuma tuna binti wa Kimatumbi, mimba yake ya kwanza, mtoto ametanguliza mkono. Mguu wa Yunusu ukagoma kabisa. Alinitazama, akashuka, akazunguka gari kwa kushikilia bodi, akaniambia nisogee kwenye usukani. Kabla ya hapo nilikuwa nimeendesha kwenye mashamba ya chumvi tu, kwa mchezo wetu sisi wawili. Akawa ananiambia kanyaga, achia, usiiogope, iache ipige mluzi. Tulifika hospitali. Yule mtoto ni mzima, anaitwa Yunusu, ingawa wazazi wake ni Wakristo.

Tangu siku hiyo mpaka anafariki, njia za milimani nimeendesha mimi. Mjini yeye alikaa mbele kama kawaida na Erasmo alishika usukani mpaka mwisho wa nyumba za mji, kwa kisingizio cha kulijaribu gari. Na ile siku tulipopitia kwako Mtanda ukatupikia wali wa nazi na pweza, tulikuwa tumetoka kwenye mtihani wa udereva. Aliyefanya mtihani si yeye. Leseni ninayo, imefungwa ndani ya msahafu.

Hakutaka isemwe, na nilimstahi. Mwanamume aliyejulikana kwa mwendo hapendi kusikia anaendeshwa na mkewe. Kule milimani wote waliona, na hakuna aliyefungua mdomo, waliendelea kusema Yunusu kapita. Hawakukosea. Miguu ilikuwa yangu, njia ilikuwa yake, kila jiwe alinifundisha yeye. Nimemwombea dua, nimetafakari humu ndani, na moyo wangu umetulia kwamba kusema sasa hakumpunguzii kitu.

Mama nilimwambia juzi, nikidhani atashtuka. Akasema amejua tangu siku alipokuta kandambili zangu chini ya usukani, ila alikuwa anasubiri nani atachoka kuficha kwanza. Amekwisha kujiteua utingo, atakaa na kina mama nyuma, kwa hiyo yale masharti ya marehemu yatabaki pale pale. Maalim naye amesema eda ikiisha mimi ni kama mwanamke yeyote mwenye adabu zake na kazi ya halali. Kisha akauliza kama najua kurudi nyuma, maana mkewe yuko mwezi wa nane na uchochoro wao ni mwembamba.

Anayebaki ni Ridhiwani, na watu wa mji. Ninajua yatakayosemwa: mjane hajamaliza kukauka machozi ameshakamata usukani. Siogopi, dada, lakini sitaki wayasikie mdomoni mwa mtu. Nataka waone. Na wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki, ndiye wa kuniogesha, kunivika na kunitoa nje mbele ya watu. Ukinitoa wewe, hakuna atakayeuliza nimetolewa na nani.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakuomba uje. Panda basi la Alhamisi ya mwisho wa mwezi, goti lako tutalikanda hapa. Nikishavaa utanishika mkono kama ilivyo desturi, watu watakuwa wamejaa uani, gari la kijivu litakuwa limesimama mlangoni, na kina shangazi watatusukuma twende tukapande nyuma. Usiwasikilize. Nipeleke mlango wa mbele, upande wa kulia, unifungulie, kisha wewe zunguka ukae pembeni yangu.

Nisalimie sana shemeji na watoto wote na jirani zako wanaonikumbuka. Bi Adija anakusalimu, anasema ulete yale mafuta ya karafuu. Erasmo naye anasalimu kwa utani wake ambao siwezi kuuandika nikiwa eda. Mungu atukutanishe kwa heri.

Wassalaam,
mdogo wako,
Mwanahija