Landrova Inameza Upepo

Ikowa, 2 Machi 1993

Damas,

Salamu nakupa ingawa hukustahili. Mimi mzima, magoti tu. Dada yako Anyesi mzima na tumbo lake. Asiye mzima ni Landrova ya babu yako, uliyoirudisha kwa mara ya tatu kutoka gereji yenu huko Kizota ukisema imepona.

Imepona nini? Tangu Krismasi ni hivyo hivyo. Ikisimama inazimika. Ikiona kilima inapiga chafya, nguvu hakuna. Filipo dereva anakanyaga mafuta mpaka mguu unamtetemeka. Juzi wanakwaya walishuka wote wakasukuma, na kanzu zao nyeupe.

Sikiliza. Anyesi anajifungua mwisho wa Aprili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, na daktari akasema wa pili naye atatolewa hivyo hivyo, asithubutu kukaa na uchungu nyumbani. Hospitali ya misheni iko ng'ambo ya mlima. Gari lingine hapa ni trekta ya jirani yetu Mazengo, ambayo kuku wanatagia ndani.

Miaka miwili ulisomea ufundi. Ulikuwa unasomea nini, kujipaka grisi?

Bibi yako,
Zipora


Kizota, 11 Machi 1993

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi huku sijambo, kazi nyingi.

Bibi, sikukaa bure. Nilipotoa plagi nilizikuta nyeupe. Plagi nyeupe maana yake injini inapata hewa nyingi mno na petroli kidogo. Kwa hiyo nikasafisha kabureta, nikaongeza petroli, nikabadilisha pampu. Kilichobaki labda ni petroli ya huko kuchanganywa na mafuta ya taa. Usikasirike, lakini injini ni mambo ya kitaalamu, si mambo ya jikoni. Filipo ailete tena nitazame.

Msalimie sana dada Anyesi.

Mjukuu wako,
Damas


Ikowa, 19 Machi 1993

Damas,

Marahaba. Mimi sijambo, na jikoni hawajambo.

Umesahau baba yangu alikuwa mfua chuma. Aliyekuwa anampulizia moto kwa mivukuto ni mimi, tangu nina meno ya utotoni. Upepo ukiuzidi mkaa, chuma kinaungua kinakuwa cheupe, kimeharibika. Kwa hiyo hizo plagi zako nilizielewa kabla sijamaliza mstari. Wewe umeona upepo umezidi, ukakimbilia kuongeza petroli. Hukujiuliza huo upepo unaingilia wapi! Mvukuto ukitoboka huongezi mkaa, mtaalamu. Unatafuta tundu.

Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, nikamwambia Filipo aiwashe. Nikachukua kata ya maji ya sabuni, nikawa namwagia kidogo kidogo pale bomba la kabureta linapoungana na injini. Mbele, kimya. Kwa nyuma povu likanywewa, shwii, na mlio ukatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Maji yakaisha, ikaanza kukohoa tena. Nikamwagia tena, ikatulia tena. Filipo alibaki kinywa wazi, nikamwambia afunge, nzi wataingia, achukue spana afungue.

Gasketi tuliyoikuta, hiyo ya kuziba pale kwenye maungio, iko ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri. Imeungua ukingoni, lakini hata mimi wa kisomo cha watu wazima nasoma: BISKUTI. Ni katoni, Damas. Na Filipo anasema aliyefungua pale ni wewe, Krismasi.

Bibi yako,
Zipora


Kizota, 3 Aprili 1993

Bibi yangu,

Shikamoo. Poleni na mfungo. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Ni mkono wangu. Krismasi nilipofungua, gasketi ya zamani ilichanika na maduka yalikuwa yamefungwa. Nikakata katoni nikisema nitabadilisha. Sikubadilisha. Baadaye gari lilipoanza kusumbua, nilifungua kila mahali isipokuwa pale.

Gasketi yenyewe ipo stoo kwa fundi mkuu, mzee Bartolomayo, lakini hatoi kitu mpaka ujieleze. Mwezi uliopita alimfukuza fundi mwenzangu, Zaidi, kwa kosa kama langu. Nikisema, nimekwisha. Kwa hiyo nimenunua hii kwenye meza za sokoni, siku hizi kila kitu kinaingia kutoka nje. Muuzaji ameapa kwamba inakaa. Nimempa kondakta wa basi akuletee.

Mjukuu wako,
Damas


Ikowa, 13 Aprili 1993

Damas,

Leo sina salamu.

Gasketi yako imefika. Matundu yake na ya injini hayajuani kabisa. Filipo anasema ni ya dizeli. Muuzaji ameapa! Na wewe ukaamini, hukwenda hata kuipima kwenye gari la mtu.

Miguu ya Anyesi imevimba, viatu haviingii. Mkunga amemshika tumbo akasema siku zinaweza kuwahi. Umesimama kati ya fundi mkuu na dada yako, na bado unafikiri?

Usinitumie kitu tena. Ukija, uje nayo mkononi. Usipokuja nitamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na kila jiwe litakalomrusha nitaliita Damas.

Zipora


Ikowa, 6 Mei 1993

Damas,

Hujambo? Mimi sijambo. Anyesi ameketi, ananyonyesha, mshono unakauka. Ni wa kike, ana sauti ya mnadani.

Ulikuja tarehe ishirini na mbili ukaifunga ile gasketi bila neno, ukaondoka hata chai hukunywa. Nikasema, kiburi hicho. Kesho yake asubuhi uchungu ukamshika. Mlima tuliupanda injini imetulia mpaka Filipo akadhani imezimika. Daktari alisema tungechelewa saa moja tungerudi na maiti mbili.

Jumatatu Filipo alipita Kizota kukuletea habari, hakukukuta. Ameambiwa unabeba magunia sokoni. Kumbe ulikwenda kujieleza, Bartolomayo akakupa gasketi na kukufukuza papo hapo, akakuita mpumbavu mbele ya wenzako. Nawe hapa kwangu ulifunga mdomo.

Mpumbavu ni mpumbavu, sibishi. Lakini kukuita hivyo ni haki yangu mimi niliyekulea, sijamgawia mtu.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na Landrova. Bartolomayo ataiwasha mwenyewe aisikilize. Kisha nitamuuliza, kati ya mafundi wake wote, ni nani mwingine aliyewahi kwenda mbele yake kusema alichoharibu kabla hajakamatwa.

Oga, unisubiri langoni kwake. Na usifungue mdomo. Ukisema wewe, utaharibu.

Bibi yako,
Zipora