Kiti cha Neema kilicho kwenye karatasi

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala haitaki kuondoka. Nguo za Neema siku ya pili hazijakauka, na mie roho yangu iko vivyo hivyo.

Wenzangu mnaosoma hapa, hamjambo? Sie huku Temeke hatujambo, namshukuru Mungu. Baba Neema hajambo, karudi salama kutoka Kurasini anakolinda yadi ya makontena, ila mafua hayajamwacha. Mama mkwe wangu hajambo, ni miguu tu. Upendo, binti yangu mkubwa, hajambo, yuko kidato cha tatu na ndiye aliyenifungulia blogu hii. Na Neema, wa mwisho wangu, hajambo, leo kala vizuri. Upendo anasema blogu haianzi na salamu. Mie sijui kuanza vingine.

Kwa aliye mgeni hapa: Neema ana miaka saba, ana utindio wa ubongo. Hakai bila kushikwa, hatembei. Asubuhi nambeba mgongoni mpaka kituo cha watoto wa aina yake, naenda Buguruni kuuza vitunguu, alasiri namfuata. Bila kituo hakuna vitunguu, na bila vitunguu mnajua wenyewe.

Nina jambo linanikaba tangu jana.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kumchukulia Upendo barua ya utambulisho. Mtendaji alikuwa na watu, nikakaa nje kwenye benchi, mbele ya ubao wa matangazo. Mie niliishia darasa la nne, nikisoma nasoma kwa kidole na midomo inacheza. Pale pamebandikwa karatasi ndefu ya halmashauri: vikundi na asasi zilizopewa ruzuku ya serikali, zimepewa kwa kazi gani, na kazi imefanyika au bado. Nikawa nasoma kupoteza muda tu. Kikundi cha ushonaji. Kikundi cha kuzibua mitaro. Kisha jina la kituo chetu.

Viti mwendo kwa watoto ishirini na wawili. Imetekelezwa.

Nikarudia. Nikarudia tena. Watoto wetu pale ni ishirini na wawili kweli, nawajua kwa majina yao na ya mama zao. Viti mwendo ndivyo hivi vya matairi, vya kusukuma.

Sijaona kiti hata kimoja.

Hapana, nimesema uongo. Nimewahi kuona kimoja.

Karani wa ofisi, binti mdogo tu, akatoka akanikuta na kidole changu ukutani. Akasema, "Mama, soma kwa sauti, imebandikwa kwa ajili yenu. Mbona unanong'ona kama unaisengenya?" Watu wa kwenye benchi wakacheka, nikacheka nao. Nikamuuliza, "Mwanangu, imetekelezwa ndiyo nini?" Akajibu, "Ndiyo imeisha hiyo, mama. Vitu vimeletwa, wenyewe wamepokea, wamesaini." Nikashukuru, nikachukua barua yangu nikaondoka. Sikumwambia kwamba mmoja wa hao wenyewe ni mie.

Sasa naungama. Kabla ya Pasaka, Madamu Tabitha, mkuu wa kituo, alituita wazazi. Wageni wanakuja, watoto wavae vizuri. Nikamvalisha Neema gauni lake la Krismasi. Wageni wakaja na gari, kikashushwa kiti kimoja kipya, bado kina nailoni kwenye mikono. Mtoto anakalishwa, anapigwa picha, ananyanyuliwa, anakalishwa mwingine. Wote, mmoja mmoja. Sie mama zao tunapiga vigelegele. Tulidhani hicho ni cha kituo, watoto watapokezana. Tangu siku ile sijakiona tena.

Baadaye ikaja soda, na karatasi. Mnajua vikao vyetu: karatasi ya mahudhurio inapita, unaangalia mwenzako kaandika wapi, unaandika chini yake, unasukuma kwa wa pili. Hakuna anayesoma kule juu. Ukisoma unachelewesha soda, na mwenye kusoma kwa kidole ataonekana na kila mtu. Lakini siku ile zilipita karatasi mbili. Ile ya pili nikamuuliza mama wa pembeni, "Hii nayo ya nini?" Akanijibu, "Saini, mwenzangu, kwani wewe wakili?"

Nikasaini. Tena vizuri, maana Upendo alikuwa kanifundisha saini mpya na nilitaka ionekane.

Sijui kule juu paliandikwa nini. Hilo ndilo linaninyima raha.

Nilipomweleza Baba Neema, yeye anayekaa na makontena, akasema mzigo unaweza kulala bandarini mpaka mwenyewe akausahau, labda viti viko njiani na mtu kawahi kuandika. Nilitaka sana kumwamini. Kisha akasema taratibu, "Mama Neema, ukimuuliza yule mama akachukia, mtoto atakaa na nani? Mama yangu na miguu ile hawezi kumnyanyua."

Simlaumu. Ndilo swali lenyewe.

Leo nilikwenda kumfuata Neema nimejipanga, maneno yote ninayo mdomoni. Nikamkuta Madamu Tabitha kampakata, anamfuta udenda kwa kitenge chake alichovaa. Neema anamchekea. Huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu kumeza uji bila kupaliwa. Nikasema, "Shikamoo, Madamu." Akaitikia marahaba, akaniulizia miguu ya mama mkwe.

Halafu nikaona ana simu mpya.

Nikajichukia hapo hapo. Mtu haruhusiwi kununua simu? Lakini macho hayatulii tena. Yanakwenda kwenye viatu vyake, yanakwenda kwenye rangi mpya ya geti. Nimekuwa mkaguzi wa vitu vya watu, mie ambaye sikuwaga hivyo.

Nje nikakutana na Mama Shabani, mwanawe naye ni wa pale. Nikamvuta pembeni.

"Mama Shabani, wewe ulipata kiti?"

"Kiti kipi? Mie nilipata picha."

Akacheka mwenyewe. Nilipomwambia ya ubaoni, kicheko kikakatika. Akamweka Shabani mgongoni, akakaza kanga, akasema, "Mie sijasikia, na wewe hujaniambia." Akaenda. Hatua chache akarudi, akaniinamia sikioni. "Hata mie nilisaini mbili."

Jumatatu tumeitwa tena. Ujumbe umesema kuna wageni, wazazi tusikose. Basi karatasi zitapita.

Nimeamua hivi. Kila karatasi nitaishika, nitasoma kule juu kwa kidole changu, neno kwa neno, anayetaka kununa anune. Pakiwa ni mahudhurio, nitasaini. Pakiwa ni kupokea, nitasema mbele ya wageni kwamba sijapokea. Na Upendo kesho akitoka shule ataenda kuupiga picha ule ubao kabla karatasi haijabanduliwa.

Naogopa. Nimeandika haya nikafuta, nikaandika tena. Labda namkosea Madamu, na kama namkosea nitampigia magoti. Lakini Neema anakuwa mzito. Mwakani huenda nisiweze kumbeba, na siku nitakayokwenda kuomba kiti kokote kule, watafungua makaratasi yao waniambie, mama, mtoto wako alishapewa, saini yako hii hapa. Nitawajibu nini?

Kwa hiyo mama mwenzangu, kama mtoto wako yuko kituo kama chetu, kesho pita kwenye ubao wa mtaa wako, soma, uniandikie hapa chini umeona nini. Na anayejua aniambie: mzazi anaweza kuomba kuonyeshwa karatasi aliyoisaini zamani, na anaomba kwa nani? Nijibuni upesi, Jumatatu asubuhi isinikute sijui. Hata mstari mmoja unatosha. Sitaki kuingia mle ndani peke yangu.