Jumapili Ambayo Neema Hakurudishwa

Gisenyi, Alhamisi jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba karatasi hii ikukute umeinuka na kile kifua kimekuachia. Na Baba je, goti linamruhusu kufika shambani, au bado anakaa barazani akiwaamrisha wengine? Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako. Nasema "sisi" na kumshukuru Mungu, maana wiki hii zilikuwapo siku ambazo neno hilo nisingeweza kuliandika.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimempa jirani yetu dereva wa lori, anayepita Rusumo, naye ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Simu nimeiogopa, Mama, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Unakumbuka siku uliyopiga nikiwa nashona, nikaiacha simu inaongea kwa sauti juu ya cherehani? Ulisema, "Zawadi, mchukue mtoto uje naye Ngara. Shule zipo, bibi yupo, na huyo mwanamume atamtafuta mpaka achoke." Mimi nilicheka tu. Neema alikuwa chini ya meza akiokota vipande vya kitenge. Kumbe na maneno yetu alikuwa anayaokota.

Tangu mimi na Bahati tulipoachana, mpango wetu ulikuwa wa mdomo tu. Siku za shule Neema yuko kwangu. Ijumaa akitoka darasani nampeleka Petite Barrière, pale mpakani wanapovuka watu wa miguu, baba yake anampokea na kwenda naye kwa mama yake, Birere, upande wa Goma. Jumapili jioni anamrudisha palepale. Hatukuwa tunasemezana sana. "Amekula?" "Amekula." Basi, kila mtu na njia yake. Lakini hata siku moja Bahati hakuwahi kuchelewa.

Jumapili iliyopita nilifika mpakani, nikasimama. Wanawake wa biashara walikuwa wanarudi na mabeseni matupu kichwani, wakicheka. Wakaisha. Nikapiga simu ya Bahati, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Kila mtoto aliyetokea upande ule nilimwona ni wangu mpaka anikaribie. Askari mmoja akaniambia, "Mama, kama unavuka, vuka sasa. Wanakaribia kufunga, na ukikawia utalala huko." Nikavuka.

Nilimkuta Bahati amesimama mlangoni kwao, mkono mmoja huku na mkono mwingine kule, kama anayezuia mbuzi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Iko ndani. Amekula, amenawa."

"Kesho ni shule, Bahati. Mpishe tuondoke."

"Shule ya wapi? Ya Gisenyi ao ya Ngara?"

Nikamuuliza Ngara imetoka wapi. Akasema, "Mutoto mwenyewe ameniambia. Bibi yake wa Tanzania anasema nitamutafuta mpaka nichoke. Mi siko mwizi, Zawadi. Niko baba yake. Mulitaka nibaki nikiangalia foto?"

Nilimwambia sikukubali neno hilo. Akaniuliza, "Ulikataa?" Kweli, Mama, sikukataa; nilicheka tu.

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima utoke. Mama mkwe akatoka jikoni akifuta mikono, akanishika bega. "Binti yangu," akasema, "watu wakijaa hapa, kesho watoto wenzake watamuchekea. Umuwazie yeye kwanza." Na nyuma yake nikamwona Neema. Alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi, hajui kama avae au avue.

Saa ya mpaka ilikuwa inaisha. Nikapiga magoti mlangoni nikamwambia, "Leo utalala kwa baba." Akauliza, "Unaniacha, Mama?" Nikamwambia, "Nakuacha kwa baba yako, si kwa mtu mwingine." Kisha nikainuka haraka, nisije nikabadili nia. Njia yote sikugeuka.

Jumatatu hakumleta. Wenzangu sokoni wakaniambia mimi ni mjinga, nimemkabidhi mtoto kwa mkono wangu mwenyewe. Mmoja akasema ana watu wake Goma, niseme tu, watamtoa kwa nguvu. Nilishona gauni la mteja, mikono nikaiweka kinyume, nikafumua, nikashona tena vilevile kinyume.

Mchana nikapanda gari mpaka Mahoko, kwa Mama Claudine, yule aliyemsimamia Neema siku ya ubatizo. Bahati humheshimu sana, maana alimlea alipofiwa na baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia simu, na safari hii ikapatikana. "Kesho wote wawili mnakuja kwangu, na mtoto. Na atakayerudi na Neema jioni tutamjua hapahapa, siyo njiani."

Kesho yake Bahati alikuja, Mama. Alikuja na dada yake mkubwa, yule shangazi ambaye Neema humwita Tantine Espérance. Bahati aliketi karibu na mlango, Neema katikati ya magoti yake, na hakumwachia mkono hata alipoletewa chai. Mimi nilikaa ng'ambo ya meza, nami sikugusa chai yangu.

Tulirushiana maneno ambayo sitayaandika. Ndipo Tantine akasema, "Bon, tumuulize mutoto. Neema, unapenda kukaa na nani?"

Neema alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akasema, "Naomba kwenda chooni." Akakawia. Nikatoka kumfuata, na Bahati naye akatoka. Tulimkuta amesimama nyuma ya choo, uso ameugeuzia ukuta, hana haja yoyote. Alipotusikia akasema bila kugeuka, "Nikijibu, mmoja wenu atakasirika."

Bahati alikaa chini palepale kwenye majani na suruali yake safi. Alilia, Mama. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kumwona akilia. Nami nilikaa. Mama Claudine alichungulia, akamrudisha Tantine ndani, akasema, "Swali hilo katika nyumba yangu halitaulizwa tena."

Hapo nyuma ya choo ndipo tulipoongea kama watu. Nilimwambia mbele ya Neema, "Nilipaswa kumkatalia mama yangu, sasa namkatalia." Naye akasema, "Mi nilipaswa kukuuliza kwanza, mbele ya kumufungia mutoto ndani." Tumekubaliana hivi: siku za shule kwangu, mwisho wa wiki kwake, likizo ndefu tunagawana nusu kwa nusu. Hakuna atakayemhamisha nchi bila mwenzake kuridhia. Na neno la kugombana halipiti kwa mtoto. Jioni ile Bahati mwenyewe alimpandisha Neema kwenye gari nililopanda, akafunga mlango, akabaki amesimama barabarani.

Sasa nafika kwenye lililonifanya niandike. Neema anatamani kukuona. Nilimwomba Bahati nimlete Ngara likizo ijayo. Akasema, "Nitamuleta mwenyewe. Nataka mama yako aniambie kwa kinywa chake kama mutoto atarudi."

Najua ulivyoapa juu yake, Mama, na najua uliniona nilivyokonda mwaka ule tulipoachana. Hasira yako ni haki yako, sikunyang'anyi. Wala sikuombi umpende. Nakuomba umfungulie mlango, umpe kiti, na umjibu. Ukishindwa, niambie sasa, nami nitamweleza Neema kwamba bado hatuji. Sitamleta kwa mlango wa nyuma.

Nisalimie Baba, na kaka Elia fundi wa baiskeli, umwambie asije na maneno yake siku hiyo. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kushika sindano, na mama mdogo anayekutazama wakati huu wa kifua. Mama Claudine anakuamkia kama dada. Neema amelala hapa nyuma yangu.

Nangoja neno lako, liwe lolote.

Ni mimi binti yako,
Zawadi